Vidole vya Raba

Pipa lilikuwa la bluu, lile la maji tulilogawiwa
mwaka mlima ulipotapika moto hadi Buhene.
Nililitoboa kwa msumari uliopashwa kwenye makala,
matundu mia moja ishirini na manne.
Mama alihesabu naye, akapata ishirini na matatu.
Tuligombana jioni nzima juu ya tundu moja.

Vidole nilivikata kwenye matairi yaliyokwisha,
kwa Kasereka, fundi chukudu wa Mabanga,
anayeyavika magurudumu ya mbao viatu vya raba.
Akauliza, "Vya nini vyote hivi?"
Nikamwambia, vya kunyonyolea kuku.
Hakutaka pesa. Alitaka paja.

Mota ilitoka Birere, dola kumi na tano,
tumbo la mashine ya kufulia ya wageni waliohama,
bado lina harufu ya sabuni yao.

Mama yangu, Kavugho, mimi sijaota meno
alikuwa tayari nyuma ya sufuria pale soko la Virunga:
kuzamisha, kuinua, kunyonyoa,
kuku mmoja franka mia tano,
na mteja anayesema, "Mama, haraka, basi langu."
Maji yamekula kucha mbili za mkono wa kulia.
Usiku ananiita nimfungie vifungo.
Kanisani, wakati wa kupeana amani,
hunyoosha kidole kimoja tu,
eti wengine wananuka kuku.

Kuku wa kwanza tulimharibu.
Mashine ilinyonyoa manyoya, ikanyonyoa ngozi,
ikaanza kubisha hodi kwenye mifupa.
Wa pili alitoka kama alivyoingia,
amelowa, amekufa, na bado ana kiburi.

Nikalaumu mota. Nikalaumu mkanda.
Mama akasogeza kigoda, akachovya kidole sufuriani,
akasema: "Maji yako hayajui kazi.
Yakiimba, ngoja. Yakitaka kucheka, ondoa.
Umzamishe huku ukitaja majina ya ndugu zako wote,
polepole, hata yule aliyefariki."
Nikataja. Paluku, Kahindo, Mbusa, Kanyere.
Nikamtaja na Muhindo.
Nikamtupa kuku pipani.

Lo!
Hata pumzi mbili hazikuisha.
Alitoka mtupu, mweupe, bila jeraha,
na mimi, mjinga, nilikuwa nimesahau kufunika pipa.
Manyoya yakapaa juu ya ua wa mabati,
yakaanza kushuka taratibu kwenye mawe meusi,
juu ya nguo za jirani, juu ya sombe inayotwangwa.

"Majivu!" mtu akapiga kelele.
Mama Nzigire alishatoka, godoro kichwani,
mtoto mkono huu, karatasi za kiwanja mkono ule.
Mtaa mzima ukatazama kaskazini.
Mlima ulikuwa umekaa na moshi wake wa kila siku.
Hakuna aliyecheka mara moja.
Kicheko kilichelewa, kilipokuja kilikuwa na machozi,
na Mama Nzigire hakusema nami siku nne.

Siku hizi kuku hamsini wanakwisha kabla ya adhuhuri,
umeme ukitaka. Usipotaka
kuku hubaki pipani nusu kwa nusu,
upande mmoja tayari kwa karamu,
upande mwingine bado anadhani ataruka.
Mama humtoa, humweka pajani,
hummalizia bila neno, bila kunitazama.

Hata umeme ukiwepo,
yale manyoya ya kwapani, yale ya ncha ya bawa,
mashine yangu haiyafikii.
Nimebadilisha raba mara tatu. Haiyafikii.
Anakaa kando yake na kisu kidogo,
anaigombeza kama mtoto asiyeosha masikio.

Jumapili iliyopita nilimchungulia
padri aliposema tupeane amani.
Alinyoosha vidole viwili.